John Harrison, Seremala Aliyeishinda Bahari

Mwaka huu nimechagua kuwasimulia maisha ya mtu ambaye hakusoma chuo chochote, ambaye alifariki zaidi ya miaka 240 iliyopita, lakini kazi ya mikono yake ilisaidia kuchora ramani tunazozifungua katika somo la Jografia. Mtu huyo ni John Harrison, seremala wa kijijini huko Uingereza aliyegeuka kuwa fundi wa saa.

Nimemchagua kwa sababu. Hapa kwetu mwanafunzi akisema anataka kuwa fundi, wenzake humwonea huruma, eti ufundi ni wa wale walioanguka mtihani. Na kwa upande mwingine, wako mafundi wanaosema kwamba kuandika insha na kusoma vitabu ni kupoteza wakati, kazi ni mkono tu. Maisha ya Harrison yanawajibu watu wa pande zote mbili. Twende polepole, kwani haraka haraka haina baraka.

KUZALIWA NA MALEZI

Harrison alizaliwa mwaka wa 1693 katika kijiji cha Foulby, jimbo la Yorkshire. Baba yake, Henry, alikuwa seremala. John alipokuwa bado mdogo, familia ilihamia kijiji cha Barrow karibu na mto Humber. Inasimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka sita aliugua ndui akawekewa saa kitandani ili ajiliwaze. Huenda hapo ndipo mapenzi yalipoanza.

Mtoto wa seremala hufunzwa useremala. Harrison alijua randa, msumeno, patasi na bikari kabla hajabalehe. Shule ilimpita mbali. Lakini padri mmoja aliyepita kijijini alimwazima nakala ya mafunzo ya Nicholas Saunderson, profesa wa hisabati wa Cambridge. Jambo la ajabu ni kwamba Saunderson mwenyewe alikuwa kipofu. Ndui ilimpofusha akiwa mtoto mchanga. Harrison hakuwa na uwezo wa kununua kitabu kama hicho, kwa hiyo alikaa akakinakili chote kwa mkono, neno kwa neno na mchoro kwa mchoro. Sisi tunaolalamika kunakili maandishi ya ubaoni tutasema nini?

SAA ZA MBAO

Mwaka wa 1713, kabla hajatimiza miaka 20, Harrison alitengeneza saa yake ya kwanza kubwa ya kusimama. Magurudumu yake ya meno yalikuwa ya mbao. Ndiyo, mbao! Msomaji atauliza, meno ya mbao yatadumuje bila kuvunjika? Hapo ndipo ujuzi wa seremala ulipoonekana. Kila aliyewahi kupasua kuni anajua kwamba mti hupasuka kwa kufuata nyuzi zake. Ukikata gurudumu zima kutoka ubao mmoja, baadhi ya meno yatakuwa na nyuzi za kwenda kando, nayo yatakatika upesi. Harrison aliliunga gurudumu kwa vipande vya mti wa mwaloni, akavipanga hivi kwamba nyuzi za kila jino zilielekea nje, kama miale ya jua. Jino la namna hiyo ni gumu sana kuvunja.

Baadaye, mnamo mwaka wa 1722, aliweka saa kubwa katika jengo la Brocklesby. Saa za wakati ule zilihitaji mafuta, na mafuta yenyewe yalikuwa adui, kwani yaliganda wakati wa baridi na kushika uchafu. Harrison akatafuta mti mgumu kutoka nchi za Karibi ambao una mafuta yake ya asili ndani yake. Sehemu zinazosuguana akazifanya kwa mti huo. Saa hiyo haikuhitaji kutiwa mafuta, na mpaka leo ingali inakwenda. Hebu fikiria, miaka 300!

VIFAA VYA MKONO

Kabla sijaendelea, inafaa tuingie katika karakana ya fundi wa saa wa karne ya 18 tuone alikuwa anatumia nini. Umeme haukuwapo. Kila kitu kilizungushwa kwa mkono au kwa mguu.

Kifaa cha kwanza ni kerezo ndogo ya uta. Wenzetu wa pwani wanaijua keke, ile inayotumiwa na maseremala wa Lamu na Mombasa kutoboa mbao za jahazi kabla ya kugongelea misumari. Mtu huzungusha kamba ya uta mara moja kwenye kijiti chenye ncha ya chuma, akauvuta uta na kuusukuma, na kijiti kikazunguka. Kerezo ya fundi wa saa ni ndugu yake keke. Hubanwa kwenye jiriwa. Kipande cha chuma kinachochongwa, ambacho pengine ni chembamba kama sindano, huwekwa katikati ya ncha mbili. Uzi wa uta, mara nyingi unywele wa mkia wa farasi, huzungushwa juu yake. Mkono wa kushoto huupandisha na kuushusha uta, na mkono wa kulia hushika kisu kidogo cha chuma cha pua. Kisu hukata uta ukishuka tu. Ukipanda, fundi hukirudisha nyuma kidogo. Kushuka, kukata, kupanda, kupumua. Fundi mmoja wa saa mjini Isiolo aliwahi kunionyesha kerezo kama hiyo iliyo ndogo isiyozidi shubiri moja. Siku hizi yeye hubadilisha betri zaidi kuliko kukereza, lakini aliniambia kwamba kifaa hicho hakidanganyi: mkono ukitetemeka, chuma hutoa habari.

Kifaa cha pili ni mashine ya kukatia meno. Ina sahani kubwa ya shaba yenye matundu mengi yaliyopangwa kwa miviringo. Mviringo mmoja una matundu 60, mwingine 72, mwingine 80, na kadhalika. Fundi akitaka gurudumu la meno 60 huchagua mviringo wa 60, akatia kipini katika tundu la kwanza, akazungusha mkono wa mashine, na msumeno mdogo wa duara ukakata jino moja. Kisha anahamia tundu la pili. Akikosea tundu moja, gurudumu zima ni la kutupwa.

Baada ya hapo kuna tupa za kila namna, nyingine nyembamba kama mguu wa panzi, za kulainisha kila jino. Kuna bisibisi, vikoleo, na kioo cha kukuzia cha kubana jichoni. Hivi ndivyo vilivyokuwa vifaa vya mafundi wa saa wa zama zile, na kwa vifaa vya aina hiyo ndipo kazi nitakayoisimulia ilipofanyika.

Swali moja linabaki. Ukitengeneza saa bora kuliko zote kijijini, utaipima kwa saa gani? Harrison alizipima kwa nyota. Alisimama usiku nyumbani kwake, akitazama kwenye ukingo wa dirisha, na kuhesabu ni wakati gani hasa nyota fulani inapotea nyuma ya bomba la moshi la jirani. Nyota hurudi mahali pale pale kila usiku mapema kwa dakika 3 na sekunde 56 hivi kuliko jana. Saa yake ilipotofautiana na hesabu hiyo, alijua kosa ni la saa, kwani nyota hazichelewi. Sisi wa upande huu hatuwezi kushangaa. Wazee wa Kiborana wanaoitwa ayyantu tangu zamani wanahesabu siku na miezi kwa kuutazama mwezi na nyota, na wala hawana kalenda ya ukutani.

Kufikia miaka ya 1720, Harrison na ndugu yake James walikuwa na saa za kusimama ambazo hazikupotea zaidi ya sekunde moja kwa mwezi. Saa nzuri za mfukoni za wakati ule zilipotea dakika nzima kwa siku.

TATIZO LA BAHARI

Usiku wa tarehe 22 Oktoba 1707, manowari nne za Uingereza chini ya Admeri Cloudesley Shovell ziligonga miamba ya visiwa vya Scilly na kuzama. Mabaharia zaidi ya elfu moja walikufa maji, karibu kabisa na nyumbani. Walikuwa hawajui wako wapi.

Kujua umbali wako kutoka ikweta si kazi kubwa. Unapima kimo cha jua au cha nyota. Shida ni longitudo, yaani uko mashariki au magharibi kiasi gani. Hebu tufanye hesabu hii hapa hapa Gotu. Chomeka kijiti uwanjani. Wakati kivuli chake kinapofika kwenye mstari wa kaskazini na kusini, jua limefika juu kabisa. Saa zetu za Kenya wakati huo huonyesha karibu saa sita na nusu mchana, ingawa dakika chache huongezeka au kupungua kulingana na mwezi. Wakati huo huo, kule Greenwich, London, saa inayofuata jua la huko inaonyesha saa tatu na nusu asubuhi. Yaani jua la kwetu limetangulia la kwao kwa saa mbili na nusu hivi. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, kwa hiyo saa moja ni nyuzi 15. Zidisha mbili na nusu kwa 15 upate 37 na nusu. Angalia ramani yako: eneo letu la Isiolo liko karibu na longitudo ya 37 na nusu mashariki. Hesabu imetoka!

Kumbe basi baharia anahitaji vitu viwili tu: jua la mahali alipo, na saa inayotunza wakati wa nyumbani bila kukosea. Lakini hapo ndipo penye kazi. Kosa la dakika nne ni digrii nzima, na katika ikweta digrii moja ni kama kilomita 111. Saa ya kusimama haiwezi kwenda melini, kwa sababu meli inayumba, na joto na baridi hurefusha na kufupisha vyuma.

Mwaka wa 1714 Bunge la Uingereza lilitoa sheria: atakayepata njia ya kujua longitudo kwa kosa lisilozidi nusu digrii baada ya safari ya kwenda visiwa vya Karibi atapewa pauni 20,000. Zilikuwa fedha za kutisha. Kwa saa, sharti hilo ni sawa na kutokosea zaidi ya sekunde tatu kwa siku kwa muda wa wiki sita. Bodi iliundwa kusimamia jambo hilo, na ndani yake walikuwamo maprofesa, wakubwa wa jeshi la maji na wajuzi wa nyota. Wengi wao waliamini jibu litatoka mbinguni, kwa kupima mwendo wa mwezi. Nani angefikiri litatoka kwa seremala?

MASHINE TATU KUBWA

Mnamo mwaka wa 1730 Harrison alifunga safari hadi London akiwa na michoro yake. Alipokewa na Edmond Halley, yule ambaye nyota yenye mkia imepewa jina lake, naye akamwelekeza kwa George Graham, fundi mkuu wa saa. Graham alimsikiliza, akamkopesha fedha akaanze kazi.

Saa ya kwanza ya bahari, ambayo siku hizi huitwa H1, ilikamilika mwaka wa 1735. Ilikuwa na uzito wa kilo 34, kama mbuzi mzima. Badala ya kining'inio cha saa ya kusimama, ilikuwa na mizani miwili iliyounganishwa, hivi kwamba meli ikiyumba, kosa la huu linafutwa na kosa la ule. Mwaka wa 1736 aliisafirisha hadi Lisbon. Harrison mwenyewe alitapika njia nzima, lakini saa haikuugua. Wakati wa kurudi, maofisa wa meli waliona nchi kavu wakaitaja kwa jina moja. Harrison akasema ni sehemu nyingine, maili 60 hivi mbali na pale walipodhani. Ikawa yeye ndiye mkweli.

Hapo angeweza kudai jaribio la safari ya Karibi. Hakudai. Aliiambia Bodi kwamba saa ina kasoro, akaomba fedha kidogo atengeneze nyingine. Alitengeneza ya pili, akaona kasoro yake kabla watu wengine hawajaiona, akaiweka kando. Ya tatu ilimla miaka 19. Ndani yake aligundua vitu viwili ambavyo bado tunavitumia. Kimoja ni ukanda wa vyuma viwili vilivyoshikanishwa, unaojikunja joto likibadilika. Pasi nyingi za umeme hujizima kwa ukanda kama huo. Kingine ni beringi yenye rola zilizofungiwa katika kizimba chake. Kila lori linalopita barabara ya Isiolo kwenda Moyale lina watoto na wajukuu wa beringi hiyo. Hata hivyo, saa yenyewe ya tatu haikumridhisha.

SAA NDOGO

Mwaka wa 1753 fundi mmoja wa London, John Jefferys, alimtengenezea Harrison saa ya mfukoni kwa kufuata maagizo yake. Saa hiyo ndogo ilikwenda vizuri kuliko alivyotazamia. Basi mzee mwenye umri wa miaka 60 aliona kwamba njia aliyoifuata kwa miaka mingi, ya mashine kubwa nzito, haikuwa njia. Akaanza upya.

Mwaka wa 1759 ilizaliwa H4. Upana wake ni sentimita 13, uzito wake ni kilo moja na nusu hivi. Mizani yake hupiga mara tano kwa sekunde, upesi mno kiasi kwamba mtikisiko wa meli hauisumbui. Sehemu zinazogusana ni za almasi na yakuti, zikiwa zimechongwa kwa mkono kwa ukubwa ambao jicho tupu haliwezi kuuona sawasawa.

Tarehe 18 Novemba 1761, mwanawe William alipanda nayo meli ya Deptford kwenda Jamaica. Njiani pombe ya mabaharia iliharibika, na kila mtu alingoja kufika Madeira ili wapate nyingine. Kapteni alikuwa na hesabu yake, William ana ya saa. William alisisitiza wasibadilishe mwelekeo na kwamba kesho yake wataona nchi kavu. Asubuhi kisiwa kikaonekana. Walipofika Jamaica, saa ilikuwa imechelewa kwa sekunde tano tu. Kosa la sekunde tano ni kilomita mbili na kidogo. Sharti lilikuwa limetimizwa mara nyingi zaidi ya ilivyotakiwa.

MGOGORO NA BODI

Sasa sikilizeni. Bodi ilisema huenda ni bahati tu. Ikataka jaribio la pili. Mwaka wa 1764 William alikwenda nayo Barbados, na baada ya siku 47 kosa lilikuwa sekunde 39, mara tatu bora kuliko sharti. Bado Bodi haikutoa zawadi yote. Mwaka wa 1765 masharti mapya yaliwekwa: afungue saa yake mbele ya kamati, aeleze kila kipande, akabidhi mashine zote, na hapo atapata nusu ya fedha. Nusu nyingine mpaka nakala zitengenezwe.

Mwaka uo huo Nevil Maskelyne alifanywa mtaalamu mkuu wa nyota wa mfalme. Yeye alikuwa bingwa wa ile njia ya mwezi. Ndiye aliyekuja nyumbani kwa Harrison mwaka wa 1766 kuchukua zile mashine tatu kubwa, zikapakiwa kwenye mkokoteni usio na springi. Ndiye pia aliyeipima H4 huko Greenwich na kutoa ripoti kwamba haiaminiki. Mwamuzi alikuwa mchezaji wa timu ya pili.

Waandishi wengi humfanya Maskelyne kuwa shetani wa kisa hiki. Mimi naona tumpe haki yake. Njia ya mwezi ilifanya kazi kweli, na vitabu vya hesabu alivyovichapisha kuanzia mwaka wa 1767 vilisaidia mabaharia wasio na uwezo wa kununua saa. Na swali la Bodi halikuwa la kipumbavu. Saa ambayo mtu mmoja tu duniani anaweza kuitengeneza itasaidia meli moja. Je, fundi mwingine, kwa tupa yake na kerezo yake, anaweza kuifanya?

Jibu lilitoka kwa Larcum Kendall, fundi wa London. Mwaka wa 1769 alimaliza nakala ya H4 aliyoichonga kipande kwa kipande. Nahodha James Cook aliichukua katika safari yake ya pili, mwaka wa 1772 hadi 1775, akapita nayo kwenye joto la ikweta na kwenye barafu ya kusini. Alirudi akiisifu sana.

Harrison, naye mzee wa miaka 79, alikuwa ametengeneza saa ya tano. Mwaka wa 1772 ilipelekwa kwa Mfalme George wa Tatu, ambaye aliipima mwenyewe kwa wiki kumi katika nyumba yake ya kutazamia nyota. Kosa lake lilikuwa thuluthi moja ya sekunde kwa siku. Mfalme alikasirika kwa jinsi mzee alivyotendewa, akamsaidia kupeleka dai lake Bungeni. Mwaka wa 1773 Bunge lilimpa pauni 8,750. Ilikuwa fedha ya Bunge, si zawadi ya Bodi. Zawadi yenyewe haikutangazwa kwa jina lake kamwe.

Alifariki tarehe 24 Machi 1776, London, akiwa na umri wa miaka 83. Akazikwa Hampstead.

SAA HIZO ZILIFIKA KWETU

Baada yake mafundi walirahisisha kazi, na saa za bahari zikaenea. Katika miaka ya 1822 hadi 1826 Nahodha William Owen alipima pwani yote ya Afrika Mashariki kwa saa za namna hiyo. Ni yeye aliyepandisha bendera ya Uingereza Mombasa mwaka wa 1824 kwa ombi la Wamazrui. Baadaye wageni waliingia bara. Katika miaka ya 1890 Mmarekani William Chanler na Ludwig von Höhnel, afisa wa jeshi la maji la Austria, walifuata huu mto wetu wa Ewaso Nyiro hadi kwenye kinamasi cha Lorian. Höhnel ndiye aliyechora ramani, na maporomoko ya mto yakapewa jina la Chanler. Wafugaji wa hapa walikuwa wanaujua mto huo bila ramani. Lakini tuseme ukweli wote: ramani ndiyo iliyotumiwa baadaye kuchora mipaka, na aliyekuwa na ramani ndiye aliyekuwa na kauli. Chombo kikiwa kizuri hakiulizi kitatumiwa na nani.

SOMO KWETU

Nilisema maisha haya yanajibu pande mbili. Upande wa kwanza umekwisha jibiwa. Seremala wa kijijini aliwashinda maprofesa, si kwa bahati, bali kwa miaka 40 ya kazi. Anayedharau fundi wa jua kali afikirie mara mbili.

Upande wa pili ni huu. Harrison alikuwa na udhaifu mmoja mkubwa: hakuweza kujieleza. Sentensi zake zilikuwa ndefu zilizofumana kama nyasi za Lorian, na wajumbe wa Bodi walitoka katika mikutano wakiwa hawajaelewa. Mwaka wa 1775 alichapisha kitabu. Ndani yake alidai kwamba angeweza kutengeneza saa ya kusimama isiyokosea zaidi ya sekunde moja katika siku 100. Lakini kitabu kilikuwa kigumu kusomeka hata wakosoaji wakamdhihaki, wakaona ni mzee aliyechoka akili. Siri yake ikalala humo kwa karne mbili.

Katika miaka ya 1970 fundi Mwingereza, Martin Burgess, alianza kutengeneza saa kwa kufuata mawazo ya kitabu hicho. Saa hiyo ilimaliziwa na mafundi wengine, ikafungiwa Greenwich, mahali pale pale alipofanyia kazi Maskelyne, na ikapimwa kwa siku 100. Mwaka wa 2015 matokeo yalitangazwa: ilikuwa imekosea kwa sekunde isiyotimia moja. Mzee alisema kweli! Mikono yake ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Ni kalamu iliyomwangusha.

Ndiyo sababu nimeandika habari hizi katika jarida la Chama cha Kiswahili na si katika jarida la sayansi. Ujuzi usioelezeka hufa na mwenyewe, au hungoja miaka 240. Wewe unayetaka kuwa fundi wa magari, wa redio, wa pampu za maji, usikimbie insha. Jifunze kueleza kazi yako kwa lugha ambayo mtu wa kawaida ataielewa, ili siku ukikutana na Bodi yako, maana kila mtu ana Bodi yake, usishindwe kwa maneno wakati umeshinda kwa vitendo. Na wewe uliye hodari wa maneno, jifunze kushika tupa walau mara moja, ujue sekunde moja inagharimu jasho kiasi gani.

Mungu atujalie mikono ya Harrison na ulimi bora kuliko wake. Nawatakia mwaka mwema wa masomo.